Siri Iliyokuwa Ikijulikana: Uchambuzi wa Kisa cha Filamu ya Kifamilia Kuhusu Nasaba

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu utengenezaji wa filamu ya kifamilia katika mji mmoja wa Mrima, pwani ya Tanzania Bara, ambapo mwongozaji aliamua kuifanya habari ya ukoo wake mwenyewe kuwa kiini cha hadithi. Jina la filamu, la mji, la kampuni na la kila mhusika limeondolewa, mwaka hautajwi, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa pale ambapo kuyabadilisha hakupotoshi maana. Nilishiriki nikiwa mhariri wa mswada, kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayoelezwa niliyafanya mwenyewe au niliyaona yakifanywa nikanyamaza. Wazee wawili wa ukoo walisomewa maandishi haya kabla hayajatoka. Walitaka mambo mawili yaondolewe, nayo yameondolewa.

Usuli wa familia

Ukoo huu hujihesabu kuwa wa Waarabu wa Mrima. Baba yake babu wa mwongozaji alikuwa mfanyabiashara aliyehesabu asili yake Oman, na nyumbani mwake alikuwamo mke wa ndoa pamoja na suria mmoja, yaani mtumwa wa kike anayekaa na bwana wake kama mke bila ndoa. Suria huyo aliletwa pwani angali mtoto mdogo katika miaka ya 1890, wakati vita vya 1892 hadi 1894 baina ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili vilipoivuruga nchi ya Manyema, mashariki mwa Kongo, na watu wengi wakatekwa na kusukumwa kuelekea Ujiji, Tabora na baharini. Alizaa watoto kadhaa. Mmoja wao akawa babu mzaa baba wa mwongozaji, na kitinda mimba, msichana aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920, ndiye bibi ambaye kisa hiki kinamzunguka. Wakati wa upigaji picha alikuwa amepita miaka 90.

Msomaji asiyekulia pwani huenda akadhani kuwa aibu ya jambo hili ni ya kisheria. Haikuwa hivyo hata kidogo. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake huzaliwa huru, hufuata nasaba ya baba na hurithi sawa na ndugu zake waliozaliwa na mke. Na mama yake, akishazaa, hauziki tena, na bwana akifa anakuwa huru. Sayyid Said aliyefariki mwaka 1856 alirithiwa kiti cha Zanzibar na wanawe Majid, Barghash, Khalifa na Ali, mmoja baada ya mwingine, na wote wanne walizaliwa na masuria. Hilo halikuwazuia kuwa masultani kamili. Aibu ilikaa kwingine: katika maneno ya jikoni, katika ugomvi wa wake wenza, na zaidi ya yote katika posa, ambapo hoja ya kufu, yaani kulingana hadhi kwa wanaooana, huwapa watu ruhusa ya kuchimbua yale ambayo siku za kawaida wangeyaacha yalale.

Utumwa wenyewe haukumalizwa kwa siku moja. Zanzibar sheria ya mwaka 1897 iliwaacha masuria nje, hata ikabidi itungwe nyingine mwaka 1909. Upande wa Bara Wajerumani waliamuru kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wahesabiwe huru, lakini hawakuukomesha utumwa, na ilipofika mwaka 1922 ndipo serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilipoufuta kabisa. Mwaka huo wa 1922 haukuwa na uzito wowote katika mswada wetu wa kwanza. Baadaye uligeuka kuwa mhimili wa filamu nzima.

Mradi ulivyoanza

Mwongozaji, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, alikulia Dar es Salaam, na alizijua habari za suria kama wanavyozijua watoto wengi wa pwani, kwa vipande. Katika khitma ya ukoo, kisomo cha kuwaombea waliofariki, majina ya marehemu husomwa kwa mpangilio, kila jina likifuatwa na la baba, la babu na la kabila, isipokuwa moja. Hilo husomwa “Zafarani binti Abdallah” likaishia hapo. Jina halisi si hilo, lakini ni la jamii ile ile ya majina ya manukato, vito na heri, kama Feruzi, Almasi, Mabruki na Faraji, ambayo mabwana walizoea kuwapa watumwa. Nalo Abdallah liliwekwa mahali pa baba asiyejulikana. Mwongozaji alipokuwa na miaka 12 alimuuliza baba yake kwa nini marehemu huyu hana babu. Baba alimwambia asome Fatiha.

Mswada wa kwanza ulikuwa na kurasa 102. Mhusika mkuu, msichana wa mjini, anapima vinasaba kwa kujifurahisha. Majibu yanarudi yakisema kuwa “mstari wake wa mama” unatoka Kongo. Anaificha karatasi hadi siku ya harusi ya binamu yake, kisha anaisoma mbele ya wageni. Ami yake anaichana. Picha zinaturudisha nyuma kwenye msafara wa watu waliofungwa minyororo. Na mwisho familia nzima inalia ufukweni. Mfuko mmoja wa nje uliokubali kutoa sehemu ya fedha uliisifu hasa ile karatasi ya majibu. Nami niliisifu. Ilikuwa na kishindo, ilieleweka upesi na mtu wa nchi yoyote, na ilimpa mhusika kitu cha kushika mkononi, jambo ambalo wahariri wa miswada hulipenda kuliko inavyopasa.

Mtiririko wa matukio

Tatizo la kwanza lilitokana na sayansi. Mwongozaji alijipima mwenyewe ili aone mchakato unavyokwenda, na majibu yalipokuja hayakufanana na mswada. Suria alikuwa mama yake babu mzaa baba. Vinasaba vya mitokondria, ambavyo ndivyo vinavyoitwa mstari wa mama, mtoto huvipata kwa mama yake, awe wa kiume au wa kike, lakini ni binti peke yake anayeweza kuvipitisha mbele. Babu alivipata kwa mama yake vikafia kwake. Mstari wa baba, uliotoka Oman, hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume kupitia kromosomu Y, ambayo mwanamke hana. Kwa hiyo kwa vipimo hivyo viwili vya mstari mmoja mmoja, mwongozaji hakubeba alama ya bwana wala ya suria. Alibeba ya bibi mzaa mama yake, mwanamke wa Kidigo ambaye hakuna aliyekuwa akimgombania. Kilichobaki cha suria mwilini mwake kilikuwa ndani ya vinasaba vya jumla, kwa wastani thumuni moja, yaani asilimia 12.5, na hicho karatasi ilikieleza kwa majina ya maeneo mapana ya Afrika ya kati na mashariki. Neno Manyema halikuwamo, wala halingeweza kuwamo, kwa sababu kampuni za vipimo hulinganisha mate ya mteja na ya watu wa leo ambao zina sampuli zao, ilhali waliokuja kuitwa Wamanyema huku Ujiji na pwani walitoka katika makabila mengi ya Kongo ya mashariki na wakapata jina moja wakiwa njiani.

Ilionekana wazi kuwa mtu pekee wa kizazi cha juu aliye hai ambaye mwili wake ulibeba mstari wa suria bila kukatika ni yule bibi. Mwongozaji alinunua kipimo cha pili.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi, na tulilitengeneza wenyewe. Wafadhili walitaka kuona sura ya filamu, kwa hiyo tulipiga trela ya majaribio ya dakika mbili kwa kutumia waigizaji wawili na sentensi moja ya mhusika mkuu: “Bibi yetu alinunuliwa!” Trela ilitumwa kwa watu saba kwa WhatsApp. Katika siku nne ilikuwa imefika kwenye kundi la familia, ikiwa na maelezo ya mtu asiyejulikana yaliyotaja mtaa na nyumba. Wakati huo huo binti wa ami yake mwongozaji alikuwa ameposwa, na washenga walikuwa wamekwisha kwenda mara mbili. Safari ya tatu haikufanyika. Upande wa muoaji ulisema kuwa kijana bado anaswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu amchagulie lililo la heri.

Ami hakupiga simu kugombana. Alituma ujumbe wenye maneno machache, akisema kuwa nyumba ya ukoo, ambayo tulikuwa tumeahidiwa kuitumia kupigia picha, ina ukarabati. Zilikuwa zimebaki siku 11 kabla ya siku ya kwanza ya kamera. Mtayarishaji alipendekeza tutafute nyumba nyingine tuendelee. Mwongozaji alitaka kwenda kumwomba ami radhi. Nilipendekeza twende kwa bibi kwanza, na napenda kukiri kuwa nia yangu wakati ule ilikuwa ya kimbinu tu, kwamba neno la bibi lingemlainisha ami. Sikujua kuwa tunaenda kusomewa mswada wetu upya.

Alasiri mbili kwa bibi

Tulimkuta ameketi mkekani, akisuka ukili, ukanda wa miyaa, majani makavu ya ukindu, wa kushonea mikeka. Mwongozaji alimwamkia, akaitikiwa, akaulizwa habari za mama yake na za mume wake, kisha akaomba ruhusa ya kumsomea. Bibi alisema asome, masikio bado anayo. Usomaji ulichukua alasiri mbili, na muda wote huo vidole havikuacha miyaa. Nilikuwa nimekaa mahali ninapoviona, na nilikuwa nikingoja visimame kwenye neno suria. Neno likapita, ukili ukaendelea. Vilisimama mara moja tu, katika tukio la harusi, msichana anapomjibu ami yake kwa sauti ya juu mbele ya wageni.

“Huyu kalelewa na nani?” aliuliza.

Mwongozaji alieleza kuwa msichana ana hasira kwa sababu amefichwa ukweli. Bibi alimtazama kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichokusudia kukinunua. “Hakuna aliyefichwa, mjukuu wangu. Ami yako anajua. Baba yako kafa anajua. Na hao waliokuja kuposa wanajua, maana nyanya yao naye katoka huko huko. Mambo haya yanajulikana. Hayasemwi na kila mtu, ndilo jambo lake.”

Kwa sentensi hizo kurasa 60 za mswada ziliporomoka. Tulikuwa tumeandika hadithi ya upelelezi katika nyumba ambayo kila mtu mzima alikuwa na ufunguo. Watu wa pwani wana neno stara, ambalo tulilisikia kila siku bila kulitia maanani: jambo lililositiriwa si lazima liwe halijulikani, ila limefunikwa kwa makubaliano, na anayelifunua hahesabiwi kuwa amegundua kitu. Anahesabiwa kuwa amevua mtu nguo.

Kipimo cha mate kilitolewa mkobani siku ile ya kwanza. Maelekezo yake yanataka mtu asile wala kunywa kitu kwa nusu saa kabla ya kutema. Bibi alisema, “Nina tambuu.” Kweli alikuwa nayo, akiitafuna. Siku ya pili tulipofika alisema tena ana tambuu. Tulipouliza mara ya mwisho, kabla ya kuaga, kinywa chake kilikuwa kitupu na sinia la tambuu lilikuwa limeondolewa, akajibu vile vile, na mwongozaji akakirudisha kipimo mkobani.

Badala ya mate alitupa mambo mawili. La kwanza ni kwamba mama yake alipokuwa akitwanga alihesabu mapigo ya mchi kwa lugha ambayo watoto hawakuijua, na bibi alikumbuka namba hizo kutoka mbili hadi nne. Mwongozaji alizirekodi kwenye simu, akampelekea mtaalamu wa lugha za Kibantu, akitumaini kuwa hapo ndipo kabila litakapopatikana. Mtaalamu alijibu kwa upole kuwa mbili, tatu na nne ndizo namba zinazofanana mno katika lugha za Kibantu, kiasi kwamba zinaweza kuwa za nusu ya Kongo. Moja ingesaidia zaidi. Ile moja bibi alikuwa ameisahau.

La pili hakuna kijana yeyote wa ukoo aliyelijua, hata ami. Mwaka ule wa tangazo la kukomesha utumwa, mzee alimwita kadhi nyumbani akamwambia anataka kumwoa mama wa watoto wake. Kwa mwanamwali kunyamaza ni ridhaa, lakini mwanamke asiye mwanamwali ni lazima atamke, kwa hiyo kadhi alimuuliza. Mama hakujibu. Kadhi akaondoka, akarudi kesho yake, akaondoka tena. Alijibu siku ya tatu. Watoto wake wakubwa, akiwamo babu wa mwongozaji, walikuwa wamezaliwa na suria. Bibi alizaliwa miaka kadhaa baada ya nikahi, na mwanamke aliyemzaa alikuwa mke. Nilimuuliza mama yake alikuwa akifikiri nini siku zile tatu. Akasema hakuwahi kumuuliza, kwa sababu mama hakumwambia ili aulizwe.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuifuta trela na kuwaandikia wale watu saba waifute, ingawa tulijua kuwa haifutiki. Sababu yake ilikuwa ya adabu zaidi kuliko ya faida, na pia ilimwezesha mwongozaji kwenda kwa ami akiwa na kitu alichokitenda, kwani kwenda na samahani tupu kungekuwa bure. Alikwenda na shangazi yake, hakwenda na mtayarishaji. Ami aliwapokea, akawapa kahawa, akasema yamekwisha, na hakuirudisha nyumba.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuiondoa karatasi ya vinasaba katika kiti cha mfalme. Kulikuwa na njia ya katikati, ya kurekebisha kosa la kisayansi na kubaki na kishindo kile kile, kwa mfano kumfanya bibi ndiye apimwe. Nilikuwa upande wa njia hiyo kwa siku mbili nzima. Mwongozaji alikataa kwa hoja ambayo sikuweza kuijibu: bibi halisi alikuwa amekataa, na kumfanya bibi wa kwenye filamu akubali kungekuwa kumtemesha mate kwa nguvu. Katika mswada mpya msichana anapima, anapata majibu yasiyosema kitu, anampelekea bibi kipimo, na bibi ana tambuu. Tukio hilo linachekesha, nalo ndilo pekee lililobaki kama lilivyotokea.

Uamuzi wa tatu uliwagharimu fedha wafadhili na usingizi mtayarishaji: msafara wa minyororo ulikatwa. Ulikuwa umepangiwa siku tatu na watu 40 wa ziada. Bibi hakuwahi kusimuliwa safari, kwa hiyo katika ukoo huu safari haina picha. Ina namba tatu za kutwangia. Tulichukua namba hizo. Mwigizaji wa bibi anatwanga uani, anahesabu mbili, tatu, nne, anarudia mbili, na kamera haimwachi kwa muda mrefu kuliko mhariri wa picha alivyotaka.

Habari ya nikahi iliwekwa mwishoni, ikisimuliwa na bibi kwa mdomo, bila kuigizwa. Hapo tulibishana sana. Mtayarishaji aliona kuwa mtazamaji anastahili kumwona kadhi na yule mwanamke. Mwongozaji aliona kuwa tukimpa mwanamke huyo uso, tutalazimika kuuamulia uso huo unafikiri nini siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kabla ya kuitumia habari yenyewe aliomba ruhusa ya bibi waziwazi, mbele ya shangazi wawili, na bibi akampa kwa sharti kwamba ami asomewe kwanza. Ami alisomewa. Alikaa kimya, kisha akauliza kama kadhi alitajwa kwa jina.

Picha zilipigwa kwa siku 19 katika nyumba ya kupanga ya mtaa mwingine. Mswada uliobadilika uliwasilishwa upya kwa ajili ya kibali, na mfuko wa nje ulizuia malipo ya mwisho hadi uusome, kwa sababu walichokuwa wamekinunua ni ile karatasi.

Matokeo

Filamu ilikamilika ikiwa na urefu wa dakika 96. Kabla ya onyesho lolote la wageni ilionyeshwa uani kwa bibi, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Ami hakuja, akamtuma mkewe. Mke wa ami, ambaye ndiye mama wa binti aliyeposwa, aliomba sehemu ya nikahi irudiwe, akaitazama akiwa amesimama, akaondoka bila kusema neno.

Posa haikurudi. Upande wa muoaji ulichukua miezi mingi kusema hapana, na haukutaja sababu. Binti ameolewa baadaye kwingine, lakini hilo halifuti chochote, na katika hesabu ya mradi huu ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu iliangukia mtu ambaye hakuwa kwenye filamu wala hakuulizwa.

Katika maonyesho ya miji ya pwani jambo moja lilijirudia: watu walibaki kwenye viti baada ya taa kuwaka, hasa wanawake wa makamo, nao walikuja kututajia majina. Hawakuja na hadithi. Walikuja na jina moja moja, la mwisho kwenye khitma yao, lisilo na babu. Nje ya nchi filamu ilipokewa kwa heshima lakini kwa ubaridi kiasi, na swali lililorudiwa ni kwa nini hatukumwonyesha mtazamaji majibu ya kipimo yanayoeleweka.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kubadilisha swali. Mswada wa kwanza uliuliza “sisi ni nani?”, na swali hilo katika nyumba hii halikuwa na mwenyewe. Mswada wa pili uliuliza nani ana haki ya kulisema jambo, mbele ya nani na kwa ajili ya nani, na mara moja kila mhusika akapata kazi: ami akawa mtu anayelinda posa ya binti yake badala ya kuwa mzee mkali wa kuchana karatasi, msichana akawa na kosa la kweli, na bibi akaacha kuwa sanduku la siri. Mchezo wa kuigiza wa kifamilia huishi kwa mgongano wa haki mbili, na haki ya ami ilikuwa na nguvu sawa na ya mpwa wake, ila sisi hatukuwa tumeisikiliza hadi nyumba ikafungwa.

Kwa upande wa sayansi, kosa letu lilikuwa la uvivu. Mtu yeyote akichora ukoo kwenye karatasi, duara kwa mwanamke na pembe nne kwa mwanamume, atauona mstari wa mama unavyokatika kwa babu ndani ya dakika tano. Hatukuchora kwa sababu tulikuwa tumelipenda neno “majibu”. Waandishi wengi wanaotumia vipimo hivi katika hadithi za asili huvipa sauti ya kadhi, kwamba vikitamka mambo yameisha, ilhali kipimo hicho kinajibu swali la mwili wakati ugomvi ni wa nasaba, na nasaba ya pwani huhesabiwa kwa baba, kwa ndoa na kwa ushahidi wa watu. Hata kipimo kamili cha mate ya bibi kisingeweza kuonyesha nikahi.

Kuhusu trela, sioni utetezi. Tulikuwa na ridhaa ya mwongozaji kuhusu habari ya ukoo wake tukaihesabu kuwa ridhaa ya ukoo. Kwa mikataba ya kawaida ya filamu hiyo inatosha, kwani marehemu hana wa kumsemea na walio hai hawakutajwa. Lakini habari ya nasaba haina mmiliki mmoja. Binamu aliyeposwa alikuwa na hisa ndani yake kubwa kuliko ya mwongozaji, maana yeye ndiye aliyekuwa sokoni siku ile. Orodha ya watu wa kuulizwa ingepaswa kuanza na wale ambao mambo yao bado hayajafungika: wanaoposwa, wanaogawana mirathi, wanaosubiri karatasi za uraia huko Ghuba. Sisi tulianza na wazee, tukafikiri tumefanya vizuri, na hata hao tulichelewa kuwafikia.

Kuna mambo ambayo hayakufaulu katika filamu yenyewe. Theluthi ya kwanza inazorota, kwa kuwa tuliondoa upelelezi bila kuweka kitu cha kumsukuma mtazamaji hadi bibi anapoingia, dakika ya 31. Nadhani angeingia mapema. Pia tulimchagua mwigizaji mweupe sana kwa nafasi ya ami, kwa mazoea ya macho yetu kuhusu Mwarabu anavyopaswa kuonekana, wakati ami halisi ana rangi ya bibi kabisa. Hakuna mtazamaji aliyelalamika, na hilo ndilo linalonisumbua.

Jina la mwisho kwenye orodha

Mwishoni mwa filamu kuna ukurasa wa kuwakumbuka marehemu wa ukoo. Mwongozaji alitaka jina la yule mwanamke liandikwe peke yake, bila “binti Abdallah”, kwa hoja kwamba baba huyo ni wa kubandikwa na kwamba kumwachia nafasi tupu kungekuwa ukweli. Nilimuunga mkono. Bibi alikataa. Alisema siku kadhi alipouliza, mama yake aliolewa kwa jina hilo lote, na Abdallah ndiye aliyetajwa mbele ya mashahidi. Limeandikwa lote, na katika khitma ya mwaka uliofuata, ambayo mwongozaji alialikwa na kukaa karibu na mlango, lilisomwa kama linavyosomwa siku zote, likiwa la mwisho kwa upande wa wanawake.